Huko Hakuvuji

2 Machi

Wewe uliyelifungua daftari hili, lifunge kwanza, tazama nyuma yako, kisha lifungue tena. Nakuomba, na sioni haya kuomba: usimsomee mtu hata mstari mmoja. Usipige picha ukurasa. Usiseme "kuna mahali nilisoma". Midomo ikikuwasha, nenda kanawe uso. Humu nitamsema ndugu yangu ambaye hajanikosea lolote, na kila neno nitakaloliandika ni siri yangu na yako. Naandika kwa kalamu kwa sababu siiamini simu.

Mvua imeanza leo saa tatu asubuhi. Saa tatu na nusu paa la masjala lilikuwa linavuja pale pale palipovuja mwaka jana, juu ya rafu ya chumba namba tisa. Tumetega ndoo mbili na beseni.

Mimi ni karani katika masjala ya hospitali. Natoa majalada ya wagonjwa asubuhi, nayarudisha jioni. Kazi yetu ina sheria moja inayozizidi zote: jina la mgonjwa halitamkwi dirishani. Unaita namba, mwenyewe anajibu "nipo", basi. Karani akitamka jina, hata la mtu aliyekuja na mafua, anakabidhi ufunguo siku hiyo hiyo. Hivyo ndivyo alivyotufundisha Bi Mkuu, mkuu wa masjala, na hatujawahi kumwona akilegeza.

Ndugu yangu ni karani hapo hapo. Ni mtoto wa Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, aliyenilea tangu nina miaka minne. Tulilala kitanda kimoja mpaka miguu ikazidi kitanda, na hadi leo tunalala chumba kimoja. Majina ya utotoni alitupa Babu. Yeye alikuwa hanywi chai mpaka aimimine kwenye kisosi, akaitwa Kisosi. Mimi nilikuwa sibanduki kwake, nikaitwa Kikombe. Babu alifariki, majina yakabaki ndani ya nyumba. Kazini hakuna anayeyajua.

Leo Bi Mkuu ametuita sote wawili. Majalada yote yanahamia mtandaoni kabla mvua hazijayamaliza, na anatakiwa msimamizi mmoja wa mfumo. Nilinyoosha mgongo. Cheti changu ni kizuri kuliko cha Kisosi. Nilimshinda mitihani yote miwili.

"Nimemchagua kaka yako," akasema Bi Mkuu. "Wewe utamsaidia kumsomea namba."

Kumsomea namba.

Nilimpongeza, nikampa mkono. Wake ulikuwa na joto. Wangu ulikuwa umelowa, na si kwa mvua.

3 Machi

Mvua. Nimesoma namba mia moja na arobaini. Yeye anapiga kibodi kwa vidole vyote kumi, bila kutazama chini.

6 Machi

Jioni Mama Mkubwa alimvutia Kisosi kiti chenye mto. Hicho hukaliwa na wageni.

"Mama, mimi si mgeni."

"Kaa. Msimamizi hakai kwenye stuli."

"Na huyu je?"

Mama Mkubwa alinitazama kana kwamba ndiyo kwanza naingia. "Huyu mgongo wake bado mzima."

Tukacheka sote. Nilihakikisha mimi ndiye wa mwisho kunyamaza.

10 Machi

Fundi wa mtandao amekuja. Tunamwita Waya kwa sababu ni mwembamba na hakosi waya shingoni. Alitandaza mashine zake katikati ya ndoo zetu, na kila tone lilipoanguka aliruka.

"Na huko mtandaoni," Bi Mkuu akamuuliza, "majalada yatakuwa salama?"

Waya alitazama ndoo, akatazama paa, akaangua kicheko. "Bi Mkuu, huko hakuvuji."

Ikawa utani wa siku nzima. Mlinzi wa lango aliingia amelowa chapachapa, mtu akamwambia, "Hamia mtandaoni, huko hakuvuji." Hata Bi Mkuu alitabasamu, jambo ambalo huwa analiahirisha.

Kisha Kisosi akaandikishwa. Kwanza neno la siri, refu, lenye herufi na tarakimu. Halafu mashine ikamtaka achague swali, ili siku akisahau neno lake ajibu swali na kuweka neno jipya.

"Chagua swali ambalo mtu baki hawezi kulijibu," Waya akasema.

Maswali yalikuwa matano. Mama yako alizaliwa wapi. Mwalimu wako wa kwanza ni nani. Mnyama wako wa kwanza aliitwaje. Ulivunjika mfupa gani. Nyumbani walikuita nani ulipokuwa mdogo. Kisosi alichagua la mwisho, akafunika kibodi kwa mkono ili Waya asione. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake na majalada kifuani. Mimi hakunificha.

Aliyetunga maswali yale hakulelewa katika nyumba ya watu kumi na mmoja. Majibu yote matano ya Kisosi ninayo, na yangu yote anayo. Kwetu mtu baki ni aliye nje ya mlango. Mashine haikuuliza kuhusu waliomo ndani.

11 Machi

Mvua. Beseni limejaa mara tatu.

17 Machi

Nimekwenda kunyolewa. Kinyozi wetu ana kibanda mitaa miwili kutoka hospitali, viti viwili, kioo kimoja chenye ufa. Ndiye aliyeninyoa ndevu zangu za kwanza, ambazo alidai alizitafuta kwa miwani.

Yeye ni namba mia tatu na kumi na nane, chumba namba tisa. Chumba hicho ni cha wenye kifafa. Wengi wao huingia kwa mlango wa nyuma na kuondoka na dawa zao chini ya kanga au ndani ya koti, maana watu wakijua hawakupi hata sufuria ubebe. Jalada lake linasema hajaanguka kwa miaka sita. Dirishani naita namba, anasema "nipo", hatujuani. Kibandani kwake ananiuliza habari za kazi, nasema njema, hatukuonana jana. Tumefanya hivi muda mrefu hata naamini ni urafiki.

Leo alinipaka povu, akaniambia, "Nasikia ndugu yako amekuwa mkubwa siku hizi."

"Nani kakwambia?"

"Wateja. Mtaa mzima. Wewe ndiye unayemsomea namba?"

Hata povu lilikuwa bado halijakaa vizuri shavuni.

20 Machi

Dada wa mapokezi amempelekea Kisosi chai. Mimi hajawahi kuniletea hata maji ya bomba. Alimletea kwenye kikombe chenye kisosi chake, na ndugu yangu, bila kufikiri, akaimimina chai kwenye kisosi na kuinywa.

"Loh! Unakunywa kama paka!" yule dada akacheka mpaka akashika meza.

Kisosi naye akacheka. Mbele ya mtu wa nje! Kile kilikuwa kitu chetu, cha nyumbani, cha Babu. Niliita namba inayofuata kwa sauti kubwa kiasi kwamba mgonjwa alijibu "nipo, nipo" akiwa amenyanyua mikono.

23 Machi

Mvua. Wivu una njaa ya ajabu. Leo niliona wivu kwa sababu mwavuli wake haukugeuzwa na upepo na wangu uligeuzwa.

26 Machi

Naandika nikiwa nimekaa kwenye ngazi za nyuma za hospitali, saa kumi na dakika kumi. Daftari liko juu ya goti, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Kesho Bodi ya hospitali inakuja kuutazama mfumo, na Kisosi ndiye atakayewaonyesha. Asubuhi Mama Mkubwa aliipiga pasi tai yangu ya bluu, ile niliyovaa siku ya kupokea cheti, akaitundika upande wa Kisosi.

"Mama, hiyo ni yangu."

"Najua ni yako, mwanangu. Wewe utaivaa lini?"

Hakukuwa na ubaya wowote katika sauti yake. Lilikuwa swali tu. Nilitembea nalo mpaka kazini.

Saa tisa nilimwomba Bi Mkuu ruhusa ya kupeleka fomu duka la kuchapisha. Duka lina kompyuta sita na foleni ya watu waliolowa. Nikapata iliyo karibu na mlango. Nilifungua ukurasa wa mfumo wetu, nikaandika jina la akaunti ya Kisosi, nikabonyeza pale panaposema: Umesahau neno la siri?

Swali likaja. Nyumbani walikuita nani ulipokuwa mdogo?

Nikaandika.

"Karibu, Msimamizi," mashine ikasema. Nilisoma mara tatu. Nilijua haisemi nami, lakini hakuna mtu aliyewahi kuniita hivyo.

Nilitaka kubadilisha neno la siri na kuondoka, ili kesho mlango umkatae mbele ya wakubwa, dakika tano tu za aibu. Lakini ukiingia chumba cha mtu macho hayatulii. Niliona orodha ya masahihisho. Kila namba niliyomsomea vibaya, alikuwa ameisahihisha, na saa imeandikwa: saa saba mchana, saa saba na robo, saa saba na nusu. Muda wa chakula. Makosa arobaini na moja, na hakuwahi kuniambia hata moja, wala kumwambia Bi Mkuu.

Mtu mwingine angeshukuru. Mimi niliona ni daftari la aibu zangu, linalofichwa kwa upole ili siku moja nisamehewe.

Niliweka neno jipya. Mashine ikauliza kama nataka inikumbuke. Mtu nyuma yangu alikuwa ananipumulia shingoni.

"Kaka, unamaliza? Na sisi tuna haraka."

Nikabonyeza Ndiyo, ili lile swali litoke machoni pangu, nikafunga ukurasa, nikachukua fomu zangu.

Njiani nilijiuliza: nilijitoa kwenye mfumo, au nilifunga ukurasa tu? Mimi ndiye mtu anayevuta kufuli la nyumbani mara mbili kabla ya kuondoka. Nilisimama kwenye mvua nikafikiri kurudi. Nikajiambia ni wasiwasi wangu ule ule wa kufuli.

27 Machi

Imekuwa kama nilivyotaka, na zaidi.

Wajumbe sita wa Bodi walisimama katikati ya ndoo. Kisosi, shingoni na tai yangu, aliandika neno lake la siri. Maandishi mekundu. Akaandika tena, polepole, kidole kimoja kimoja, kama mimi. Mekundu. Mara ya tatu mashine ikamfungia kabisa.

"Ndiyo huo mtandao wenyewe?" mwenyekiti akauliza. "Mbona hata mlango hauna?"

Wakacheka kicheko cha watu wakubwa, kile cha puani.

Bi Mkuu akanigeukia. "Wewe. Jalada lolote, kwa mkono. Mia sita na mbili."

Nililitoa kabla mwenyekiti hajamaliza kupangusa miwani. Lilikuwa na unyevu kidogo pembeni. Wakapiga makofi. Kisosi naye alipiga makofi, na alikuwa anamaanisha, nilimwona.

Kufika adhuhuri Waya alikuwa ameshamfungulia na kumwekea neno jingine. "Umelisahau mwenyewe," akamwambia. "Huwapata wenye vyeo vipya."

28 Machi

Nimelala vizuri kuliko siku zote za mwezi huu.

30 Machi

Dada wa mapokezi amempelekea chai hata hivyo. Na kisosi.

7 Aprili

Mvua bila kupumua. Ndoo nne sasa. Tumehamisha majalada ya chumba namba tisa hadi rafu ya juu zaidi. Waya alipita akasema tunajisumbua, yote yameshaingia mtandaoni, huko hakuvuji.

13 Aprili

Mlinzi wa lango alininyooshea simu yake kabla sijafunga mwavuli.

"Karani, hebu tazama. Hii si hospitali yetu?"

Ilikuwa orodha. Jina, mtaa, umri, dawa. Juu yake mtu ameandika: Wajue wenye kifafa wa mji huu. Watu mia nne na sita, chumba namba tisa chote. Mlinzi alikuwa ametumiwa na shemeji yake, ambaye alitumiwa na kundi la kwaya, na kwaya ilitumiwa na nani hakuna anayejua. Niliteremsha kidole mpaka nikamkuta kinyozi. Jina lake la pili sikuwahi kulijua kwa kulitamka, nalijua kwa macho tu.

Ndani Bi Mkuu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Sijawahi kumwona amekaa mahali pasipo kiti.

"Miaka ishirini na tisa," akasema, "sijatamka jina hata moja pale dirishani. Leo yametamkwa yote."

Waya alikuja mbio. Akasema haiwezekani. Akasema tena haiwezekani. Tone likaanguka kwenye beseni, na mara hii hakuruka.

Saa nne ilikuwa zamu ya chumba namba tisa. Nilisimama dirishani nikaita. Mia tatu na moja. Mia tatu na tisa. Mia tatu na kumi na nane. Benchi lilikuwa tupu. Bi Mkuu akaniambia niendelee kuita, na nikaendelea mpaka namba zikaisha, na hakuna aliyesema "nipo".

14 Aprili

Waya amesoma kumbukumbu za mfumo mbele yetu: Bi Mkuu, Kisosi, na mimi niliyeshika majalada yasiyohitajika na mtu.

"Tarehe ishirini na sita Machi, saa tisa na dakika ishirini na mbili. Neno la siri limebadilishwa kwa kujibu swali. Kompyuta ya nje ya hospitali. Haikufungwa, ilibaki wazi. Saa kumi na nusu, kutoka kompyuta ile ile, orodha nzima ya chumba namba tisa imenakiliwa." Akainua macho. "Aliyekaa hapo baadaye aliukuta mlango wazi, akabeba. Lakini wa kwanza alijua jibu."

"Jibu gani?" Bi Mkuu akauliza.

Waya alisoma, na licha ya yote mdomo ulimcheza. "Kisosi."

Kusikia jina lile kwenye mdomo wa mtu wa nje! Nilihisi kama mtu kaingia chumbani kwetu na viatu vya matope.

"Ni wewe?" Bi Mkuu akamuuliza ndugu yangu. "Ulikwenda huko nje ukajifungulia?"

"Hapana, Bi Mkuu."

"Basi nani anayelijua jina hili?"

Kisosi hakunitazama. Alitazama ndoo.

"Babu yangu peke yake," akasema. "Naye alifariki."

Yaani hata uongo anausema vizuri kuliko mimi. Wivu ule ule, mahali pale pale, wakati ule ule ambapo mtu ananiokoa! Nilikuwa na majalada kumi na mawili mikononi na sikuangusha hata moja.

Amesimamishwa kazi. Kikao cha nidhamu ni tarehe 12 Mei. Asipojieleza atafukuzwa, na jina lake litapelekwa polisi kama mtu aliyeuza siri za wagonjwa. Hakuna hospitali wala ofisi itakayomwajiri tena.

"Mpaka hapo," Bi Mkuu akaniambia, "utashika nafasi ya kaka yako."

15 Aprili

Asubuhi Kisosi alinipa shati langu lililokauka. Nikalivaa.

22 Aprili

Waya ameniandikisha kuwa msimamizi. "Safari hii chagua swali ambalo hakuna kiumbe hai anayeweza kulijibu," akasema. Nilipitia yale matano. Kwa kila moja yupo kiumbe hai mmoja, naye yuko nyumbani, amelala chali anatazama dari. Nikachagua lile lile. Nikaandika Kikombe.

Anaweza kuingia wakati wowote. Nimekaa siku nzima nikitazama mashine, nikimsubiri anilipize. Hakuja.

Jioni kiti chenye mto kilikuwa kitupu. Mama Mkubwa hakunivutia. Nilikaa kwenye stuli.

25 Aprili

Nimepita mtaa wa kinyozi, upande wa pili wa barabara. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, mwenyewe, akijitazama kwenye kile kioo chenye ufa. Kibanda cha mshindani wake ng'ambo kilikuwa na foleni mpaka nje. Watoto wa shule wawili walipita mbele yake, mmoja akajitingisha mwili mzima na kujifanya ameshika wembe, mwenzake akacheka.

Kwenye simu za watu kuna picha ya kibanda chake. Chini yake pameandikwa: Nyoa hapa ujaribu bahati yako.

Nina ndevu za wiki tano. Niliinamisha mwavuli nikafunika uso.

1 Mei

Mvua inapungua. Kisosi anakonda. Mama Mkubwa ameniuliza, "Wewe uko naye huko kazini na hapa. Nani anamfanyia hivi mwanangu?" Nilisema sijui. Alinisogezea chakula, akasema, "Angalau wewe umenibakia na kazi yako."

4 Mei

Saa nne asubuhi nimeingia kwa kinyozi. Niliomba ruhusa kazini, nikasema naumwa, na haukuwa uongo mkubwa.

Alinitazama kwenye kioo. "Umepotea njia? Foleni iko ng'ambo."

"Nimekuja kunyolewa."

"Huogopi?"

"Naogopa."

"Angalau hujaniambia ulisafiri, kama wenzako." Akanifunga kitambaa shingoni, akapaka povu, akaunoa wembe kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Wembe ulipofika chini ya kidevu nikaanza kusema. Sijui kwa nini nilichagua pale. Nadhani kila mahali pengine ningeweza kukimbia. Nikamweleza kila kitu: tai, duka la kuchapisha, jina la Kisosi, lile swali nililolijibu Ndiyo.

Mkono wake ukasimama. Wembe ulikuwa juu ya mshipa. Nilikuwa nasikia mapigo yangu kwenye chuma.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Mimi bado. Usitingishike."

Akanyoa upande wa kushoto, akanyoa wa kulia, akarudia chini ya pua. Hakuniumiza hata nukta. Alipofuta povu, macho yake yalikuwa mekundu.

"Binti yangu alikuwa anaolewa mwezi wa sita," akasema. "Wale watu wamesema watafikiria kwanza. Unajua maana ya watu kufikiria kwanza?"

Niliyatazama mabaki ya povu kwenye kitambaa.

"Nilikuwa nakuona pale dirishani. Nikijiambia, yule kijana ana adabu, haniangalii usoni." Akatikisa kitambaa, nywele zikaanguka. "Sitaki pole yako, siwezi kuitundika hapa. Utakuja kesho saa nne. Na kesho kutwa. Utakaa kiti cha mbele, mlango wazi, shingo juu, kila mpita njia akuone. Mpaka aje mtu wa pili."

"Ndevu hazitakuwa zimeota."

"Nitanyoa hewa. Wewe kaa."

5 Mei

Baada ya kinyozi nimekwenda kwa Bi Mkuu na karatasi niliyoiandika kwa mkono. Aliisoma akiwa amesimama.

"Bi Mkuu, kaka yangu hakujua. Sikutamka jina la mgonjwa yeyote, naapa. Sikuifungua ile orodha."

"Ulitamka jina moja," akasema. "La nyumbani kwenu. Ndilo lililoyafungua mengine yote."

Akanyoosha kiganja. Nikaweka ufunguo.

6 Mei

Nimewaambia nyumbani. Mama Mkubwa alikuwa anakunja nguo, akaendelea kukunja ile ile moja. Kisha akasema, "Sikufukuzi. Ila leo siwezi kukuona."

Kisosi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

"Siku ishirini na mbili," akasema. "Nimezihesabu. Kila asubuhi nilipokupa shati nilikuwa nasema, leo atasema."

"Ulijua?"

"Wanaolijua jina lile tumebaki watatu mji huu, na mama hajui hata kuwasha hiyo mashine."

"Mbona ulinificha?"

"Sikukuficha wewe. Nilimficha Kikombe. Sasa sijui kama bado yupo."

Akatoka kwenye manyunyu bila viatu. Nimekunja godoro langu, nimekuja kwa rafiki niliyesoma naye.

12 Mei

Kikao kimemrudisha Kisosi kazini. Mimi nimefukuzwa, na polisi wamechukua maelezo yangu, nitaitwa. Waya ameondoa yale maswali matano. Orodha bado inazunguka. Mlinzi anasema leo imefika mji wa pili. Hakuna wa kuiita irudi.

Leo nikiwa kwenye kiti, mzee mmoja alisimama mlangoni kwa kinyozi akatazama kwa muda. Hakuingia. Lakini alisimama.

14 Mei

Mvua imekatika. Daftari hili nampa dada wa mapokezi akupelekee, Kisosi, pamoja na chai. Nimelifunga kwa kamba mara mbili, nikavuta.

Ukurasa wa kwanza nilimwomba asiyejulikana asiseme neno. Wewe ndiye uliyelifungua, nawe nakufungua: msomee unayetaka, hata wivu wangu wa mwavuli. Namba moja tu iliyomo humu, ya kinyozi, ifiche, kama ilivyotakiwa kufichwa tangu mwanzo.

Ukitaka kuniona, usinipigie, simu yangu iko polisi. Usiniandikie barua pepe, nimeifunga. Usiulizie kwa rafiki yangu, sitakuwepo mchana. Toka kazini saa nne, wakati wa chai. Shika mtaa wa duka la kuchapisha, ulipite, kata kulia penye foleni. Kibanda kisicho na foleni ndicho. Mlango utakuwa wazi, nami niko kiti cha mbele, kichwa nimekilaza nyuma. Kioo kina ufa, sitakutambua kwa kioo. Wala sitaweza kugeuka, kwa sababu ya wembe.

Kwa hiyo simama tu mlangoni uniite lile jina. Kama bado lipo, nitajibu "nipo".